Mkongojo Unaovua Kiatu

Jumatano, tarehe 20 Agosti. Asubuhi ilikuwa baridi ya kuvaa sweta, kisha upepo ukaanza, na kufikia saa nne vumbi lilikuwa limeingia hadi kwenye sufuria zilizofunikwa. Angani hakuna wingu hata moja.

Vijana wa karakana waliniomba niandike kazi yetu ilivyokuwa, kwa sababu nimestaafu na wanasema nikisimulia kwa mdomo wanasahau. Nimekuwa nikiahirisha tangu Pasaka. Mimi ni wa darasa la saba, tena la kijijini kwetu Choma, na kitu kirefu kuliko vyote nilichowahi kuandika ni barua ya kuomba ruhusa ya msiba. Leo nimeanza kwa sababu nimepata mgeni, na mgeni mwenyewe nitamfikia mwishoni. Fundi Maulidi, aliyenifundisha kazi, ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo nikikosea hayupo wa kunisahihisha. Nitajitahidi kumpa kila mtu chake.

Kwa asiyejua, karakana yetu hapa Tabora hutengeneza vifaa vya kuwasaidia wazee na watu wenye shida ya viungo: mikongojo, fremu za kutembelea, viti vya choo kwa wasioweza kuchuchumaa, mito ya viti vya magurudumu. Mimi niliajiriwa kushona mito. Siku ya kwanza sikushona mto wowote. Fundi Maulidi, mtu wa mtaa wa Ng'ambo, mshona viatu mtoto wa mshona viatu, alinipa kipande cha tairi na kisu, akasema, "Kata soli." Kisha akakaa na kikombe chake cha kahawa.

Nilisukuma kisu kikanasa. Nikavuta, kikanasa. Jasho likanitoka.

"Mama Kulwa," akasema alipomaliza kahawa, "mmeshamaliza kugombana?"

Akachukua bakuli la maji ya sabuni, akachovya kisu, na tairi likakatika kama boga lililoiva. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema na yeye alifundishwa hivyo hivyo. Nikamuuliza kama kule kuteseka kulimsaidia. Akasema, "Hapana." Toka siku hiyo kila mgeni aliyekuja karakana alikabidhiwa kisu na bakuli pamoja. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa mengine mengi.

Kupima mkongojo nako nilijifunza kwake. Mzee anasimama wima, mikono inaning'inia, unapima kutoka kifundo cha mkono mpaka chini. Mkongojo ukiwa mrefu, bega linapanda na mzee anatembea kama amebeba ndoo isiyoonekana. Ukiwa mfupi, anainama mpaka mgongo unamuuma, halafu anausingizia uzee. Tulipenda mbao ya mninga, na miguuni tulivisha mpira wa tairi. Tulipima watu uani, wamevaa viatu vyao. Hilo la viatu mlikumbuke, litarudi.

Wakati fulani zililetwa fremu za chuma, nzuri, za kung'aa, zikagawiwa kwa wazee wa vijijini. Baadaye tulipita kuzitazama. Nyingi zilikuwa ndani, zimekaa na nailoni yake, zinasubiri siku ya maana. Moja ilikuwa imebeba ndoo ya maji, na kwa kazi hiyo ilifaa sana. Kwenye mchanga wetu miguu ile myembamba ilizama. Lakini nisiwe mtu wa kulaumu tu. Hospitalini, kwenye sakafu ya saruji, nimeona kina mama waliovunjika nyonga wakisimama kwa fremu zile zile. Kosa lilikuwa kudhani kila mtu anaishi kwenye sakafu ya saruji.

Aliyetuanzisha kwenda majumbani ni Bwana Silvesta, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kabla yake tulingoja watu uani. Alikuwa kijana, anaongea haraka, na Fundi Maulidi alimwita Treni. Lakini ndiye aliyesema kwamba kifaa ukishakikabidhi, kazi ndiyo kwanza inaanza. Sisi mafundi tulikasirika kidogo kuambiwa hivyo, kisha tukaona ni kweli.

Sasa nifike kwa Mzee Idi.

Mzee Idi Kapera aliishi Ng'ambo, nyumba ya zamani yenye kuta nene, mke wake alikuwa ameshafariki. Jirani alimpikia. Binti yake wa pekee, Mwajuma, aliolewa Nzega na anauza nguo huko karibu na stendi. Mzee alikuwa mrefu, mkavu, na makatambuga ya tairi miguuni miaka yote, hata siku ya Idi. Mkongojo wake nilimpimia mimi. Alinikubali kwa utani.

"Wewe si mtu wa Choma? Nyie mnajua kupima ng'ombe."

"Ng'ombe hanibishii, Baba. Simama wima."

Baada ya muda akaanguka. Kisha akaanguka tena. Mara zote mbili alisema ameteleza njiani. Mara ya tatu aliumia mkono, na Mwajuma akaja kutoka Nzega kwa basi la asubuhi, akaingia karakana bila kukaa, akauweka mkongojo juu ya meza yangu.

"Shikamoo Fundi. Shikamoo Mama," akasema, maana adabu haikumtoka hata akiwa na hasira. "Hiki kitu chenu kinamwangusha baba yangu. Kitazameni vizuri. Jumamosi naondoka naye kwenda Nzega. Nilishamwambia, akianguka tena nakuja kumchukua, naye akakubali."

"Alikubali kwa mdomo wake?" Fundi Maulidi akauliza.

"Alinyamaza. Kwa baba ndiyo kukubali huko."

Ilikuwa Jumatatu. Niliuchukua mkongojo nikautazama. Kwanza mpira wa chini: umelika sawasawa pande zote, maana yake anautumia, tena vizuri. Kiungo cha mpini: hakichezi. Kisha nikaona kitu ambacho hakikuwepo. Mtu akianguka na mkongojo, mkongojo nao unaanguka. Unapiga jiwe, unapiga kizingiti, vanishi inachubuka ubavuni. Nimetengeneza mikongojo ya watu walioanguka, nayajua makovu yake. Huu ulikuwa umeandamana na mtu aliyeanguka mara tatu, na ubavu wake ulikuwa laini kama siku ulipotoka.

Sikusema kitu mbele ya Mwajuma, kwa sababu sikuwa na hakika, na mimi huwa sina hakika mara nyingi. Jioni nilimpelekea mzee mkongojo wake. Mwajuma alikuwa ameenda sokoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mayu." Huko kwetu ni kama kusema mama, hata kwa aliye mdogo kwako. "Wamekutuma unifungie mizigo?"

"Nimekuja kuuliza. Ulipoanguka, huu ulikuwa wapi?"

Akauegemeza ule mkongojo ukutani.

"Mlangoni," akasema.

"Mlango wa wapi?"

"Wa msikiti. Mlango gani mwingine ninaoingia kila siku?"

Ndipo akanieleza, taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni jambo ambalo kila mtu analijua. Ncha ya mkongojo inakanyaga mitaro, inakanyaga mavi ya mbuzi. Haiwezi kwenda kwenye mikeka ambapo watu wanaweka vipaji vya nyuso zao. Kwa hiyo anavua makatambuga, anauegemeza ukutani, na anavuka peke yake kutoka mlangoni mpaka safu ya mbele. Safari ile, bila kushika kitu, ndiyo ilikuwa inamwangusha.

"Imamu hajasema chochote?"

"Imamu ni mtu mwema. Kaniambia niingie nao, nifute ncha tu. Nikainama kufuta, ndiyo mara ya pili hiyo."

"Kwa nini ulisema njiani?"

"Mwajuma akijua ni msikitini, atasema niswali nyumbani. Nikikaa nyumbani, mayu, nitaongea na nani? Na huyu kuku?"

Nilimwambia sitakwenda kumsemea, lakini binti yake akiniuliza sitamdanganya.

"Basi asikuulize," akasema.

Aliniuliza kesho yake, swali la kwanza kabisa. Nikamwambia. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Mzee alikuwa ameniamini kiasi fulani. Na Mwajuma naye ni mtoto anayeogopa kupigiwa simu ya msiba. Alisikiliza, akafuta macho kwa upande wa khanga, kisha akasema jambo lililobana zaidi: kama ni hivyo, ni afadhali Nzega, maana hapa Ng'ambo hakuna wa kumzuia asiende msikitini.

Bwana Silvesta alikubaliana naye. Nayaandika maneno yake ili nisimwonee: "Nyonga ikivunjika kwa umri ule, hatutakuwa na mjadala wa msikiti tena." Ni kweli, na nilishaona ikitokea. Mzee Idi, alipoambiwa, alijibu akiwa barazani kwake, bila kupandisha sauti:

"Babu yangu alibeba mizigo kutoka hapa mpaka Bagamoyo, kwa miguu, na akarudi. Mimi leo nibebwe mpaka Nzega?"

"Nzega kuna basi, Baba," Mwajuma akasema. "Hubebwi."

"Basi ni nini kama si kubebwa?"

Niliomba tupewe mpaka Ijumaa. Mwajuma akasema tiketi ni ya Jumamosi, kwa hiyo hapotezi kitu.

Wazo la kwanza lilikuwa la Fundi Maulidi, na lilikuwa zuri. Tutengeneze mkongojo wa pili, ukae ndani ya msikiti, usitoke kamwe. Siku ile ile tulimaliza, Fundi akaupeleka mwenyewe. Jumatano jioni haukuwepo. Msafiri mmoja aliyeingia kuswali aliuona umesimama ukutani bila mwenyewe, akadhani ni sadaka, na mara ya mwisho alionekana nao akipanda treni ya Kaliua. Fundi alisema huenda alikuwa na shida kuliko sisi. Nilikubali, ingawa mninga ule nilikuwa nimeuchagua.

Alhamisi tulikaa tukitazamana. Fundi Maulidi alikuwa na huzuni ambayo haikuhusu mkongojo ulioibwa, au uliochukuliwa, tuseme hivyo. "Naingia misikitini tangu nina akili," akasema, "na kila siku naiona mikongojo mlangoni. Sijawahi kujiuliza wenye mikongojo wanafikaje mbele."

Mimi nilikuwa natazama miguu yake. Alikuwa akivua makatambuga yake ili akatie udhu, na havui kwa mkono. Kidole cha mguu mmoja kinakanyaga kisigino cha kiatu cha pili, mguu unatoka. Shemeji yangu Choma anavua mabuti ya mvua namna hiyo hiyo.

Nikasema, "Kama mzee anavua viatu, si na mkongojo uvue?"

Fundi akadhani namtania. Kisha akakaa chini, udhu akausahau kwanza.

Tulikata soli ya tairi, ya duara, kwa kisu na maji ya sabuni. Juu yake tukashona soksi fupi ya mpira wa ndani wa gurudumu, inayobana ncha ya mkongojo. Nyuma ya soli tukaacha ulimi, kipande kinachojitokeza kama kidole gumba. Mzee akifika mlangoni anakanyaga ule ulimi, anainua mkongojo, na kiatu kinabaki chini. Hainami. Akitoka, anachomeka ncha ndani ya soksi na kukandamiza. Chini ya ncha yenyewe, mahali pa mpira wa zamani, tulipigilia mpira mwembamba, safi, ambao haujawahi kuona barabara.

Mzee aliujaribu uani Ijumaa asubuhi. Mara ya kwanza soksi ilibana mno, kiatu kikapanda juu pamoja na mkongojo. Fundi akalegeza mshono. Mara ya pili kilitoka chenyewe kabla ya wakati. Akaukaza. Mara ya tatu kikatoka vizuri, kikabaki kimekaa kwenye mchanga, na mzee akakitazama.

"Kimefanana na changu," akasema.

Ni kweli, maana lilikuwa tairi la aina ile ile. Hapo Bwana Silvesta, aliyekuja na utepe wake akiwa hajashawishika, alimpima mzee akiwa na makatambuga na mkongojo umevaa kiatu. Akampima tena peku, mkongojo umevua. Akapima mara nyingine. Kisha akatuita tuone. Sisi miaka yote tulikuwa tunapima watu na viatu vyao, na mtu akivua, mkongojo unabaki mrefu kwa unene wa soli, bega linapanda, mwili unayumba. Hata wale wanaoingia na mikongojo majumbani mwao tulikuwa tumewapa mirefu. Sasa mtu alishuka na mkongojo ulishuka, kiasi kile kile. Hatukukusudia. Ilitokea kwa sababu mzee na mkongojo walivaa tairi moja. Bila utepe wa Bwana Silvesta tusingejua kabisa.

Kwa hiyo nikigawa kwa haki, sharti la kuvua ni la Mzee Idi, kidole cha mguu ni cha Fundi Maulidi, kipimo ni cha Bwana Silvesta. Mimi nabaki na kukata tairi na kusema sentensi moja iliyodhaniwa ni utani.

Adhuhuri Mwajuma na mimi tulisimama ng'ambo ya barabara, kivulini mwa duka la vyuma. Mzee alikuja peke yake, kanzu imepigwa pasi. Akavua makatambuga. Akakanyaga ulimi, akainua, kiatu kikabaki pembeni ya viatu vyake, vitatu kwa mstari. Akaingia.

Kuanzia hapo hatukuona kitu. Mimi ni Mkristo na yeye ni mwanamke, na upande ule haukuwa wetu. Mwajuma hakuondoa macho kwenye vile viatu vitatu. Muda wote wa hotuba alizungumza neno moja tu: "Akianguka tutasikia?"

"Tutasikia," nikasema, ingawa sikujua.

Watu walitoka. Vijana kwanza, wakikimbilia biashara zao, kisha watu wazima, kisha wazee. Viatu mlangoni vikapungua mpaka vikabaki vile vitatu na vya mtu mmoja mwingine. Nilianza kujilaumu kimoyomoyo. Ndipo akatokea, anabishana na imamu kuhusu jambo fulani la hotuba, akachomeka mkongojo kwenye kiatu bila hata kutazama chini.

Akatuona. Akavuka barabara kuja kwetu.

"Tiketi yangu mpe mtu mwenye safari," akamwambia binti yake.

Mwajuma alisema, "Nitarudi mwezi ujao kukutazama," kwa sauti ya mtu anayetishia. Jumamosi akaondoka na kiti kitupu pembeni yake, akakiwekea kikapu.

Mengine kwa vijana nitayafupisha. Viatu vya mikongojo tulitengeneza vingi baadaye, vingine kwa watu ambao hawaendi msikitini, kina bibi wa Choma na Igunga waliochoka kusemwa na wakaza wana zao kwa kuingiza matope ndani. Wengine walivikataa. Mzee mmoja alisema mkongojo wenye kiatu unamfanya aonekane ana miguu mitatu, na hakurudi. Alikuwa na haki yake. Siku hizi mnapima kwa kutumia simu na picha, na sioni ubaya. Ila muulizeni mzee mkongojo wake unalala wapi, unaachwa mlango gani, na nani anaushika wakati yeye hana. Picha haitoi hayo.

Mzee Idi aliendelea Ng'ambo miaka kadhaa. Aliwahi kuanguka tena, bafuni kwake, kwenye sabuni, na Mwajuma hakuambiwa mpaka alipoona kovu. Mwishoni aliugua masika moja, Mwajuma akahamia kumuuguza, na mzee alifia kitandani kwake, akasaliwa msikiti ule ule.

Mgeni wa leo ni Mwajuma. Alikuja mchana na gari la Nzega, nywele nyeupe pembeni ya mtandio, goti la kulia linamsumbua. Alikuwa ameushika mkongojo wa baba yake, na ulimzidi, bega limepanda kama nilivyoeleza.

"Mama Kulwa, nikatie."

Nikamwambia karakana kuna vijana, wana mashine. Akasema anataka nikate mimi. Pale kiganja cha mzee kilipokuwa kinakaa, mpini umekuwa mweusi na kung'aa, hauna vanishi tena. Kwa hiyo juu sikugusa. Nilimsimamisha uani, peku, nikapima kutoka kifundo, nikakata chini kwa msumeno wa mkono, nikarudishia ule mpira mwembamba. Mikono yangu haina nguvu ya zamani na mkato wa kwanza ulikwenda upande, ikabidi ninyooshe kwa tupa.

Nilipokuwa napiga tupa akaniuliza, "Ningemchukua ile Jumamosi, ingekuwaje?"

"Sijui, Mwajuma."

"Labda angeishi zaidi."

"Labda."

"Au labda asingefika mwezi."

Nikamwambia na hilo sijui. Hakuonekana kukasirika. Nilikuwa nimemkatia kiatu kipya cha tairi, kwa unene wa ndala zake, maana ndala si makatambuga. Jioni ilipoingia nikamkaribisha ndani. Alivua ndala kizingitini, akakanyaga ulimi, akainua mkongojo, akaja hadi mkekani bila kushika ukuta.

Tulikula wali wa mchele aliokuja nao kutoka Nzega, samaki migebuka wa Kigoma wa kukaangwa na nsansa, majani makavu ya kunde, iliyoungwa kwa karanga. Alisema chumvi imezidi kidogo. Ni kweli ilizidi.